Thieta Bila Mtu wa Usingizi: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Uganda

Waheshimiwa wajumbe,

Sehemu kubwa ya maji mnayokunywa vikaoni husafishwa hapa kwetu Ggaba, ukingoni mwa Ziwa Nalubaale (Victoria), kabla ya kusukumwa mabombani kwenda mjini. Mimi ni mkazi wa hapa. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi, nami nimeona nianze kukitumia kwa shughuli ya mwananchi iliyo rasmi kuliko zote, yaani kudai.

Dai langu ni hili. Msipitishe shilingi nyingine ya kujenga chumba cha upasuaji katika kituo chochote cha afya cha ngazi ya nne mpaka Wizara iwaonyeshe, kwa cheo na kwa fungu la mshahara, ni nani atakayempa mgonjwa usingizi usiku wa manane. Simzungumzii atakayeshika kisu. Namzungumzia anayekaa kichwani pa mgonjwa, anayemlaza, anayempumulisha, anayeangalia mapigo na rangi ya midomo, kisha anamwamsha. Huyo ndiye aliyesahauliwa.

Hoja hii sikuitunga mimi. Imekuwa ikiandikwa na madaktari wa upasuaji wa nchi hii, tena kwa takwimu, kwa karibu miaka 20. Mwaka 2008 jarida la World Journal of Surgery lilichapisha utafiti ulioongozwa na Doruk Ozgediz, daktari wa upasuaji kutoka Marekani aliyeshirikiana na Hospitali ya Mulago, pamoja na wenzake wa hapa, wakiwamo Moses Galukande, Cephas Mijumbi na Sam Luboga. Waliwahesabu watu wanaofanya kazi ya upasuaji Uganda na kupitia kumbukumbu za hospitali tisa za vijijini. Walichoandika kinasomeka kama malalamiko ya mtu aliyechoka kusubiri zamu yake: dunia ilikuwa inajadili uhaba wa wahudumu wa afya barani Afrika, lakini katika mjadala huo watu wa upasuaji walisahauliwa kwa kiasi kikubwa. Walitaja vikwazo vinne: kuwapata wanaotaka kuingia kazi hii, kuwafundisha, kuwafanya wabaki, na kuwapa mahali penye vifaa vya kufanyia kazi. Walitazama pia tiba tulizokuwa tumezijaribu, kama kambi za upasuaji, ziara za mabingwa mikoani na kupeleka huduma wilayani. Kila moja ilisaidia, na kila moja ilikuwa na shida ya kudumu.

Mwaka mmoja kabla yao, jarida la Anaesthesia lilitoa matokeo ya kuwauliza watoa usingizi 97 wa Uganda wana nini mkononi wanapoingia kazini. Waliokuwa na vitu vya kumpa mtu mzima usingizi salama walikuwa asilimia 23. Kwa mtoto, asilimia 13. Kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, asilimia 6. Wizara itawaambia kwamba takwimu hizi ni za zamani, na ni kweli. Basi ilete mpya, kituo kwa kituo, tuzilinganishe.

Nchi hii haijawahi kukosa wapasuaji wenye tabia ya kuhesabu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago alipoandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa mataya ya watoto, ule ambao leo dunia nzima inauita kwa jina lake. Mwaka 1961 alipanda gari kuukuu pamoja na madaktari wenzake wawili, wakasafiri kama maili 10,000 wakiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa ule unaonekana wapi na wapi hauonekani. Hawakuwa na mashine kubwa. Walikuwa na picha, ramani na maswali. Ukitaka kujua leo thieta zipi zinafanya kazi Uganda, huhitaji zaidi ya hayo, na siku hizi kuna simu.

Nije kwetu sasa, nikianza na kipimo cha dunia. Mwaka 2015 Tume ya Upasuaji Duniani ya jarida la tiba la Lancet ilisema watu bilioni 5 hawawezi kupata upasuaji ulio salama na wanaoumudu pindi wakiuhitaji, na kwamba zinahitajika operesheni milioni 143 zaidi kila mwaka. Tume iliweka kipimo ambacho hata mtu asiye daktari anaweza kukishika: je, mtu anaweza kufika ndani ya saa mbili mahali panapofanywa mambo matatu, yaani kumzalisha mama kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatokeza nje? Anayeweza kufanya hayo matatu anaweza mengi mengine, kwa hiyo hayo yakawa ndiyo mizani.

Kwa mizani hiyo, Ggaba ni pazuri mno. Mjini ni kilomita kama 12. Kiruddu, hospitali ya rufaa yenye kitengo cha majeraha ya moto na upasuaji wa kurekebisha viungo, iko humu humu Makindye. Hospitali ya Nsambya iko upande wa mjini. Mwenye fedha ana hospitali za binafsi njia nzima, kuanzia Bunga. Boda ikianguka pale Kansanga, na huanguka, majeruhi hufikishwa mahali fulani kabla damu haijakauka. Mchora ramani akipaka rangi ya kijani maeneo yaliyo ndani ya saa mbili, Ggaba itakuwa ya kijani iliyokolea.

Lakini Ggaba ni gati. Asubuhi mashua zinaleta mukene na sangara na watu, na baadhi ya watu hao wamelazwa juu ya mbao wakiwa wamefunikwa kanga. Wanatoka visiwani, wengine hadi Koome huko wilaya ya Mukono. Mama wa Koome aliyeshikwa na uchungu saa tatu usiku, mtoto akalala vibaya, hana saa mbili. Ana ziwa lenye upepo, mwenye mashua anayekataa kuondoka gizani (na ana haki ya kukataa), na petroli ambayo lazima mtu ailipie kwanza. Saa zake mbili zinaanza kuhesabiwa alfajiri. Ramani ya kijani haimwoni, maana inapimwa kwa barabara. Mgonjwa wa kisiwani anapofariki njiani, kifo chake hakiingii katika kitabu cha thieta yoyote, kwa sababu hakufika katika thieta yoyote.

Kwa ajili ya watu kama huyo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilijenga thieta katika vituo vya ngazi ya nne. Wazo lilikuwa zuri, na nasema hivi bila kejeli: kila eneo la afya liwe na mahali ambapo mama anaweza kupasuliwa na kuongezewa damu bila kusafirishwa hadi mkoani. Majengo yakasimama. Mengi yalikaa miaka bila kazi kwa kukosa daktari, au mtu wa usingizi, au umeme, au maji, au damu. Yalizinduliwa kwa utepe na hotuba. Sijawahi kusikia hotuba ya kuzindua ajira ya mtoa usingizi.

Mashua ya Ggaba haiondoki kwa nahodha peke yake. Lazima awepo wa injini na wa kukumba maji. Upasuaji ni vivyo hivyo. Kuna mpasuaji, kuna wa usingizi, kuna muuguzi wa thieta anayehesabu vitambaa na vyuma kabla ya tumbo kufungwa, kuna mtu wa kuchemsha na kusafisha vifaa ambaye hakuna anayemjua jina mpaka kidonda kitunge usaha. Akikosekana mmoja, wengine wote wamekuja kukaa.

Waheshimiwa, tufanye hesabu ndogo ambayo haihitaji mshauri mwelekezi. Wiki ina saa 168. Mtumishi mmoja anafanya kazi saa 40. Ili kituo kiwe na mtu wa usingizi wakati wote, bila kuhesabu likizo, ugonjwa wala msiba wa kwao, wanahitajika watu wanne na zaidi kidogo. Kituo chenye mmoja tu kina thieta kwa takribani robo ya wiki. Robo tatu zilizobaki ama anaitwa kitandani kila usiku hadi achoke na kuhama, ama mlango unafungwa na mgonjwa anaandikiwa rufaa. Hiyo rufaa ndiyo tunayoiona ikishuka kwenye mashua.

Kuna maelezo rahisi ambayo yamekuwa yakitolewa kila mara jambo hili likitajwa: madaktari wetu wamekimbilia nje. Nami niliyaamini. Lakini Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha, kilitafuta wapasuaji waliohitimu katika ukanda huu kwa miongo kadhaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba asilimia 85 walikuwa bado katika nchi walizosomea, na asilimia 93 walikuwa bado Afrika. Hawakukimbia. Utafiti mwingine wa chuo hicho hicho, wa mwaka 2016, ndio unaouma. Katika ukanda wote walipatikana wapasuaji 1,690, sawa na 0.53 kwa kila watu 100,000, na asilimia 64 kati yao walikuwa wakifanya kazi katika jiji kuu la biashara la nchi zao. Wanawake walikuwa asilimia 9 tu, jambo linalostahili barua yake. Tume ya Lancet inataka wataalamu 20 kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030, ikijumlisha wapasuaji, wa usingizi na wa uzazi. Mizani si sawa kabisa, kwa kuwa 0.53 ni wapasuaji pekee, lakini hata ukiizidisha mara tatu haifiki mbili.

Kwa hiyo daktari bingwa wa Uganda hayuko London. Kuna uwezekano mkubwa yuko Kampala, tena pengine kwenye foleni ya magari kati ya hospitali ya serikali asubuhi na ya binafsi jioni. Simlaumu. Bingwa aliyepelekwa wilayani ambako hakuna mtu wa usingizi, wala damu, wala shule ya watoto wake, ataishia kuandika rufaa kama karani huku mikono yake ikisahau kazi. Nani akae hapo?

Na pale ambapo kuondoka nchini kumekuwa jambo la kweli, tusisahau nani alikuwa wakala. Mwaka 2014 serikali yenyewe ilikuwa na mpango wa kupeleka wahudumu wa afya zaidi ya 200 Trinidad na Tobago, mpaka asasi ya kiraia ikaenda mahakamani na Ubelgiji ikasitisha sehemu ya msaada wake wa afya. Nchi yenye uhaba iliandaa orodha ya kuwagawa wachache ilionao.

Mshahara nao una hadithi yake. Mwaka wa fedha 2022/23 serikali ilipandisha mishahara ya madaktari, daktari wa kawaida akafikia shilingi milioni 5 kwa mwezi, na ilistahili; tangu mgomo wa Novemba 2017 walikuwa wakidai. Lakini Mei 2022 waligoma wale wa kada nyingine za afya, kundi ambamo wamo maafisa tabibu, watu wa maabara na watoa usingizi wasio madaktari, wakilalamikia mpangilio wa nyongeza hizo. Mgomo wa madaktari unakumbukwa. Huo mwingine ulipita kama mvua ya asubuhi mbele ya vyombo vya habari, ilhali bila hao madaktari wenyewe hawawezi kupasua kitu. Watoa usingizi wengi wa Uganda si madaktari. Ni maafisa waliosomea kazi hiyo, na ndio wanaobeba thieta za wilayani mabegani mwao.

Hapo nafika penye ugomvi wa kweli ndani ya taaluma: je, asiye daktari afundishwe kupasua? Msumbiji walianza mwaka 1984 kuwafundisha mafundi wa upasuaji ambao si madaktari, wakawapeleka hospitali za wilaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uligundua kwamba miaka saba baada ya kupangiwa vituo, asilimia 88 ya mafundi hao walikuwa bado katika hospitali za wilaya. Madaktari waliopelekwa huko huko? Hakuna hata mmoja aliyebaki. Malawi ina maafisa tabibu wanaopasua, na Tanzania ilikuwa na madaktari wasaidizi kwa miongo mingi. Galukande na wenzake nao walilichunguza suala hili katika vituo vya Uganda na kuchapisha matokeo mwaka 2013.

Msimamo wangu hautawapendeza wote. Naona wapasuaji wanaopinga jambo hili kwa kusema maskini wasipewe huduma ya daraja la pili wanasema neno zuri mahali pasipofaa, kwa sababu huduma ambayo maskini wa Koome anapewa sasa haina daraja lolote. Lakini naona pia hatari upande wa pili. Mtu wa hazina akisikia kwamba asiye daktari anaweza kupasua kwa mshahara mdogo, atasahau haraka kwamba mtu huyo anahitaji msimamizi wa kumpigia simu, njia ya kupanda cheo, na bima akijikata. Upasuaji humdhuru hata anayeufanya. Dkt. Lucille Teasdale, Mkanada aliyefika hospitali ya Lacor, Gulu, mwaka 1961, aliambukizwa virusi vya UKIMWI akiwapasua majeruhi wa vita, akaendelea kupasua kwa miaka, akafariki mwaka 1996. Alikuwa na jina, mume daktari, na hospitali iliyomheshimu. Fundi wa mshahara mdogo kisiwani atakuwa na nini? Kama mtapitisha njia hii, ipitisheni na masharti yake yote kwenye karatasi ile ile.

Kuhusu kambi za upasuaji nitasema kidogo. Chama cha Wapasuaji wa Uganda huziandaa, mabingwa hujitolea, watu wenye ngiri na mabusha ya miaka mingi hupanga foleni na kutibiwa, na mimi siwezi kumbeza aliyeacha nyumba yake akaenda kutibu bure. Ila kambi hukunjwa. Uchungu wa uzazi na mfupa uliotokeza nje havisubiri tarehe ya kambi.

Fedha za mgonjwa zinahitaji aya yake. Ada za watumiaji zilifutwa katika vituo vya serikali Machi 2001, na hilo ni moja ya maamuzi bora kuwahi kufanywa nchini. Hata hivyo utafiti wa kaya uliofanywa nchi nzima mwaka 2014, ukihusisha zaidi ya watu 4,000, uligundua kwamba kama mmoja kati ya kila kumi alikuwa na tatizo linalohitaji angalau kuonwa na mpasuaji, na fedha zilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kutokwenda. Fedha gani, kama hospitali ni bure? Tume ya Lancet inajibu: kila mwaka watu milioni 33 hufilisika kwa kulipia upasuaji wenyewe, na wengine milioni 48 kwa yale yanayouzunguka. Hapa Ggaba hayo yanayouzunguka yana sura. Ni nauli ya mashua, ni boda, ni glavu na nyuzi zilizokosekana stoo zikanunuliwa duka la dawa la jirani, ni chakula cha anayeuguza, alalaye chini ya kitanda kwa wiki mbili huku banda lake la samaki limefungwa. Nimeona mashine ya mashua ikiuzwa palepale gatini kwa bei ya kutupa ili mguu wa mtu uwekwe vyuma. Mguu ulipona. Mvuvi yule sasa ni kibarua kwenye mashua ya mwenzake.

Najua mipaka yenu. Katiba, ibara ya 93, haiwaruhusu kuongeza matumizi ambayo serikali haikuyaleta. Lakini ibara ya 90 inazipa kamati zenu uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi, na huo mnautumia mara nyingi kwa kashfa za fedha. Utumieni kwa hili. Waiteni waandishi wa tafiti nilizozitaja. Baadhi yao wako Mulago na Makerere, si mbali na mlango wenu. Mwiteni ofisa wa usingizi kutoka kituo cha ngazi ya nne kilicho mbali na lami, mumpe ulinzi asije akaadhibiwa kwa kusema ukweli, na mumuulize maswali ya kawaida: oksijeni huisha lini, nani hukupokea zamu, mara ya mwisho kulala usiku mzima ilikuwa lini. Ziiteni Wizara ya Utumishi wa Umma na Wizara ya Fedha zikae meza moja na ya Afya, maana kila moja peke yake husema nafasi zimezuiwa na nyingine.

Ripoti ya mwaka ya sekta ya afya tayari huhesabu ni vituo vingapi vya ngazi ya nne vinafanya upasuaji wa uzazi na vinaongeza damu. Agizeni safu tatu ziongezwe kando ya kila jina la kituo: idadi ya watoa usingizi walioajiriwa, idadi ya usiku ambao thieta ilikuwa na timu kamili, na idadi ya rufaa zilizoandikwa kwa kukosa mtu. Tanzania mwaka 2018 na Zambia mwaka mmoja kabla yake zilizindua mipango ya taifa ya upasuaji, uzazi na usingizi. Mipango ni mizuri, lakini mpango usio na safu kama hizo hauwezi kumbana mtu yeyote.

Taarifa za sera za wizara hufika mezani penu kufikia tarehe 15 Machi, na bajeti hupitishwa kabla ya Mei kwisha. Safu hizo tatu hazihitaji sheria mpya, mkopo wala mkandarasi. Zinaweza kuwamo katika taarifa ijayo ya Wizara ya Afya, na kituo kitakachoonyesha sifuri katika safu ya kwanza kinyimwe fungu la majengo mpaka kipatiwe watu.

Wenu mwananchi,
Mkazi wa Ggaba, Makindye, Kampala